Ubia wa serikali na sekta binafsi: nani anaweka hela, nani anarudisha, na nani analia mambo yakiharibika

Toka misaada ya Marekani ianze kukatwa mwanzoni mwa 2025, halafu Dira 2050, ule mpango wa taifa wa maendeleo, ikazinduliwa Julai mwaka huohuo, neno ubia halikosi kwenye hotuba yoyote. Dawa za hospitali ubia, barabara ubia, stendi ubia, mpaka choo cha soko ubia. Ukikaa kijiwe cha kahawa pale soko la Kilombero hapa Arusha au ukipanda hiace ya Moshi–Arusha utakuta kambi mbili, mmoja anasema nchi inauzwa, mwingine anasema tulieni jamani mwekezaji anakuja kutujengea bure nyie mnalalamika nini. Wote wawili wanaongea kwa uhakika kabisa na wote wawili wamepotea, ila mimi naona huyu wa pili ndo kapotea zaidi.

Tuanze na maana. Ubia, au PPP kama wengi wanavyoiita, ni mkataba wa muda mrefu ambao serikali (au halmashauri, au shirika la umma) inampa mtu binafsi afanye kazi ambayo kwa kawaida ni jukumu la serikali, kama maji, umeme, bandari, hospitali. Yule mtu binafsi anaweka hela au utaalamu wake, anabeba sehemu ya riski, halafu anarudisha hela yake na faida juu kwa miaka kadhaa. Mali yenyewe inabaki ya umma, au inarudi kwa umma siku mkataba ukiisha. Kwetu Tanzania sera yake ni ya 2009 na sheria ni ya 2010, ikarekebishwa 2014, 2018 na 2023, na kuna kituo kabisa cha ubia chini ya Wizara ya Fedha.

Sasa chukua mzee ana kiwanja Majengo pale Moshi, kiko barabarani kabisa ila hela ya kujenga hana. Anakuja kijana ana milioni zake anamwambia, mzee, mimi najenga fremu sita za maduka, nakaa nazo miaka kumi nakusanya kodi, mwaka wa kumi na moja fremu ni zako. Mzee kauza kiwanja? Hapana, hati bado iko kabatini kwake. Kapewa fremu bure? Pia hapana, maana kodi ya miaka kumi ingekuwa yake na kaiachia. Hapo wameelewana na kila mtu anafurahi, chai imenyweka.

Shida inaanza kwenye yale ambayo hawakuyaandika. Mwaka wa nne paa linavuja, nani anaezeka? Halmashauri inahamisha stendi, wateja wanapungua, fremu tatu zinakaa tupu, hasara ni ya nani? Kijana mjanja toka mwanzo anaweka kipengele kwamba fremu zikikosa wapangaji mzee ndo anamlipa kodi hiyo, na mzee kwa vile ana hamu ya kuona jengo anaweka dole gumba. Kuanzia siku hiyo mzee ni mpangaji kwenye kiwanja chake mwenyewe. Halafu ngoja mwaka wa tisa ufike uone, kijana anajua anaondoka, rangi hapaki, bomba la choo hagusi, siku ya kukabidhi milango imelegea na shimo limejaa. Mzee anapokea fremu sita ambazo kabla hajapangisha hata moja inabidi atafute hela ya ukarabati. Ndo maana mkataba wa ubia wenye akili unaandika mpaka hali ya mali siku ya makabidhiano, na unaweka ukaguzi miaka kadhaa kabla ya kufika huko.

Ukishaelewa habari ya yule mzee umeelewa sehemu kubwa ya ubia wa dunia nzima, kilichobaki ni ukubwa wa hela.

Kabla hatujaenda mbali, kuna vitu watu wanaviita ubia na sio. Uwanja wa AFCON pale Olmoti Arusha, ule wa watu 30,000, kazi ya kuujenga ilipewa kampuni ya Kichina lakini hao ni wakandarasi tu, serikali inawalipa, wakimaliza wanakunja vitu vyao wanaondoka. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ule wa bilioni 520, ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, deni tunalipa wenyewe. TPC, kiwanda cha sukari kule Arusha Chini, ni jambo lingine tena, toka 2000 wawekezaji wana hisa asilimia 75 na serikali 25, hiyo ni kampuni ya biashara ambayo serikali ina hisa ndani yake, sukari inauzwa sokoni kama bidhaa nyingine. Na kampuni ikija kukupakia rangi darasa moja na kupiga picha na madawati, huo ni msaada, hauna mkataba wa kutoa huduma wala hakuna riski yoyote iliyobebwa.

Kwa hiyo kipimo ni kirahisi. Mtu binafsi kaweka chake? Atakaa miaka mingi? Akifanya vibaya anapoteza? Kama jibu la hilo la mwisho ni hapana basi hata kama karatasi imeandikwa ubia kwa herufi kubwa, we mwananchi umepigwa.

Tuje kwenye hela sasa, maana hapa ndo uongo mwingi uko. Watu wanadhani mwekezaji anakuja na hela yake kwenye begi. Mara nyingi anaenda kukopa benki, kama ambavyo serikali ingekopa, na yeye kwa kawaida anakopeshwa kwa riba kubwa kuliko serikali maana benki inajua kampuni inaweza kufilisika kirahisi kuliko nchi. Juu ya riba anaweka faida ya wenye hisa. Kwa hiyo hela ya ubia kwa kawaida ni hela ghali. Sababu ya kuitaka ni moja tu ya maana, kwamba huyo mtu atajenga kwa wakati, ataendesha vizuri, atatunza, na kikiharibika hasara ni yake, na hayo yote yakijumlishwa yanazidi ule ughali. Kama hayazidi, bora serikali ikope yenyewe iajiri mkandarasi.

Na hela hiyo inarudi kwa njia mbili. Ama unalipa wewe unayetumia, kama ile barabara ya juu ya Nairobi ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022, kampuni ya Kichina inakusanya tozo kwa miaka 27, usipotaka unapita chini kwenye foleni. Ama inalipa serikali kutoka kwenye kodi, kila mwezi au kila mwaka, hata kama we hujawahi kuona huo mradi. Hii ya pili ni tamu sana kwa wanasiasa kwa sababu mradi unaonekana leo na malipo yanaenda kwa mawaziri ambao leo bado wako sekondari. Wakati mwingine hata kwenye deni la taifa haionekani vizuri, ila deni ni deni.

Mfano wa kwetu ambao kila mtu mzima anaukumbuka ni IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme. Nchi ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme, mabwawa yamekauka, ukasainiwa mkataba 1995 wa miaka 20 wa mtambo wa megawati 100 unaotumia mafuta. Ndani yake kulikuwa na malipo ya uwezo wa mtambo, yale ambayo magazeti yaliyaita kapasiti chaji, yaani TANESCO, shirika la umeme la serikali, inalipa kwa sababu mtambo upo na uko tayari, uwashwe usiwashwe. Watu wakisikia hivyo wanaona ni wizi mtupu. Kusema kweli hayo malipo yenyewe sio ajabu, hakuna benki itakayokopesha mtambo wa mamilioni ya dola bila kujua hela itarudi hata mvua zikinyesha na umeme wa maji ukitosha. Ni kile kipengele cha fremu tupu. Ubaya ulikuwa kwenye bei, kwenye jinsi mkataba ulivyopatikana wakati nchi imebanwa koo, na mwendelezo wake uliotufikisha kwenye sakata la Escrow 2014, lile la hela zilizotolewa kwenye akaunti maalum Benki Kuu. Mtu mwenye kiu hapatani bei ya maji.

Upande mwingine kabisa kuna City Water ya Dar. Agosti 2003 kampuni iliyoongozwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani ikachukua kuendesha maji ya jiji kwa mkataba wa miaka kumi. Makusanyo yakawa chini ya walivyopiga hesabu, malengo hayafikiwi, na Mei 2005 marehemu Lowassa, mbunge wa Monduli hapa jirani na wakati huo ndo waziri wa maji, akatangaza mkataba umevunjwa. Watu walishangilia sana. Mwaka 2008 wasuluhishi wa kimataifa wakasema serikali ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji kwa namna ilivyowatoa, lakini hawakuamuru fidia maana kampuni ilikuwa haina thamani tena. Tulipona hapo. Ila mimi ninachokiona kwenye City Water ni kwamba kampuni iliomba kazi kwa bei ya kuvutia ambayo haiwezekani, ikitegemea watakaa mezani baadaye waongezewe. Hii inatokea dunia nzima, mtu anashinda zabuni kwa bei ya chini halafu mwaka wa pili anaanza kulia.

Sasa ya nyumbani, KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Uwanja ulifunguliwa 1971, uko Hai katikati yetu wa Arusha na nyie wa Moshi. Mwaka 1998 serikali ikaukabidhi kwa kampuni iitwayo KADCO, mkataba wa miaka 25, wenye hisa wakiwa kampuni za nje kwa sehemu kubwa na serikali yenyewe ikiwa na asilimia 24. Huo ulikuwa ubia kweli. Halafu 2009 serikali ikanunua hisa zote. Hapo ndo watu wakachanganyikiwa na wana haki ya kuchanganyikiwa, maana kuanzia hapo una kampuni ya serikali kwa asilimia mia, inaendesha uwanja wa serikali, kwa mkataba uliotungwa kwa ajili ya mtu binafsi, wakati viwanja vingine vya serikali vinaendeshwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Kwenye vijiwe watu walikuwa wanabishana mwekezaji ni nani, na jibu ni kwamba hayupo. Ukarabati mkubwa wa miaka ya katikati ya 2010 ulifanywa kwa hela ya serikali yetu na mchango wa Uholanzi. Mjadala ukafika mpaka bungeni, na Novemba 2023 uwanja ukarudi chini ya Mamlaka. Kwa hiyo chalii akikuambia KIA iliuzwa mwambie haikuuzwa, na akikuambia ni mfano wa mafanikio ya ubia muulize ubia upi, ule wa miaka kumi na moja ya kwanza au ule wa kujipangisha mwenyewe.

Mpaka hapa tumeongelea vitu ambavyo mtumiaji anaweza kulipa, umeme, maji, ndege. Ila hotuba za siku hizi zinaongelea matatizo makubwa ya dunia, malaria, ukimwi, njaa, na hapo mtumiaji mwenyewe ndo hana hela. Mtoto wa miaka miwili mwenye malaria hawezi kuwa mteja. Ubia wa aina hii unakuwaje? Hatuna haja ya kwenda Geneva, mfano uko Kisongo hapa Arusha.

Wa umri wangu mnakumbuka chandarua cha zamani. Unanunua chandarua, unanunua na pakiti ya dawa ile ya Ngao, unachanganya kwenye beseni, unachovya, unaanika kivulini, baada ya miezi dawa imeisha na wengi hawarudii tena, chandarua kinabaki pazia tu. Kampuni ya Japani, Sumitomo Chemical, ilikuwa na teknolojia ya kuchanganya dawa ndani ya plastiki yenyewe kabla nyuzi hazijavutwa, kwa hiyo dawa inatoka kidogokidogo kwa miaka. Kitu kizuri, ila nani atanunua? Wanaokihitaji hawana hela, na kiwanda hakijengwi kwa huruma.

2003 wakagawana kazi. Sumitomo wakawapa A to Z, kiwanda cha nguo cha hapahapa Arusha kilichokuwepo toka 1966, teknolojia bila kudai malipo ya haki miliki. Acumen, mfuko wa uwekezaji wa New York, wakakopesha dola 325,000 za kununua mashine, na walikopesha kweli, hawakutoa sadaka. ExxonMobil nao wakaingia upande wa malighafi ya plastiki. UNICEF wakawa wanunuzi. Baadae ukaja ubia kamili wa Sumitomo na A to Z na kiwanda kikubwa Kisongo, ajira zikafika maelfu na wengi wakiwa wanawake, Rais Bush wa Marekani mwenyewe akaja kukiona Februari 2008. Mjini siku hiyo barabara zilifungwa tukakoma.

Na upande wa kufikisha kwa watu kulikuwa na Hati Punguzo, ambayo mimi naiona ndo ubia mzuri kuliko wote niliowahi kuusoma kwa nchi hii. Ilianza 2004. Mama mjamzito anaenda kliniki, nesi anampa ile karatasi, anaenda nayo duka la karibu, anaongeza kiasi kidogo, kuanzia 2009 ikawa shilingi 500 tu, anaondoka na chandarua. Mangi, yaani mwenye duka, anaikusanya ile hati, anamrudishia msambazaji, anapata mzigo mwingine, na hela ya nyuma inatoka kwa wafadhili, Mfuko wa Dunia na Wamarekani. Angalia ilivyokaa: serikali ilikuwa na kliniki ila haina maduka, mangi ana duka ila hana mtaji wa kugawa vyandarua, mfadhili ana hela ila hajui mtaa wa Pasua uko wapi. Kila mmoja kabeba kile anachokiweza na hakuna aliyeacha biashara yake akaenda kuwa mtu wa NGO.

Ila hata huo una tobo. Kampeni kubwa za kugawa bure zikaja kuanzia 2009, na duka gani litaweka chandarua cha kuuza wakati mtaa mzima umepewa bure? Hati Punguzo ikaisha 2014. Mimi siwezi kusema kugawa bure kulikuwa kosa, malaria ilipungua na hilo ndo lilikuwa lengo, ila mnyororo wa maduka ulikufa na haujafufuka. Na kiwanda nacho soko lake kubwa ni zabuni za mashirika, kinashindana na viwanda vya Asia, na wafadhili wakikohoa Kisongo wanaumwa. Huu ndo ugonjwa wa ubia unaotegemea mfadhili, anayeamua sio mgonjwa wala serikali ya mgonjwa, ni serikali ya nchi nyingine. Tumeliona hilo 2025 mchana kweupe.

Kuna ubia mwingine ambao hauna kelele na tumeuzoea mpaka hatuuoni. KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa 1971, ni mali ya Shirika la Msamaria Mwema la makanisa, lakini ni hospitali ya rufaa ya kanda na watumishi wengi mishahara yao inatoka serikalini. Huruma kule Rombo ni ya Kanisa Katoliki na ilifanywa hospitali teule ya wilaya. Makubaliano ya makanisa na serikali yalisainiwa 1992. Jengo la kanisa, daktari wa serikali, mgonjwa ni wa wote, Muislamu, Mkristo, na yule mzee wa mbege asiyesali popote. Hakuna anayesema Rombo iliuzwa kwa askofu. Lugha ya "sekta binafsi" inatufanya tuwaze suti na Dubai tu, kumbe masista nao wamo.

Lakini hospitali pia zinaweza kuua bajeti. Lesotho walijenga hospitali kubwa Maseru kwa ubia, ikafunguliwa 2011, mkataba wa miaka 18, majengo mazuri na mwanzoni huduma ziliboreka kweli. Tatizo malipo ya serikali kwa kampuni yalipanda mpaka hospital moja ya mjini ikawa inakula sehemu kubwa mno ya bajeti ya afya ya nchi nzima, vituo vya milimani vinakosa, na 2021 mkataba ukavunjwa. Hata Waingereza waliowafundisha wengine mchezo huu walitangaza Oktoba 2018 kwamba hawasaini tena mikataba mipya ya ubia ya mtindo wao, miezi michache baada ya kampuni kubwa ya Carillion kufilisika ikiwa na mikataba ya hospitali mkononi. Nasema hivi kwa wale wanaodhani tukikosea ni kwa sababu sisi ni Waafrika.

Swali ambalo huwa naulizwa sana ni la bandari, kwamba mbona ule mkataba wa bandari ya Dar na DP World, kampuni ya Dubai, ulikuwa siri. Yale makubaliano ya nchi na nchi hayakuwa siri, yalipita bungeni Juni 2023 na ndo maana nchi nzima iliyachambua mpaka vibarua wa Soko Kuu wakawa wanasheria. Mikataba ya uendeshaji yenyewe ilisainiwa Oktoba 2023, muda wake miaka 30, na tumeelezwa kuna kupimwa utendaji kila miaka mitano, lakini kurasa zenyewe wewe na mimi hatujazisoma. Hapo ndo mimi huwa naungana na wenye hofu. Huwezi kumwambia mtu aache maneno ya kijiweni wakati kitu pekee ulichomwachia ni kijiwe. Faida ya kampuni inaweza kuwa siri ya biashara, sawa, ila kipengele cha nani analipa fremu zikikaa tupu hakina sababu ya kufichwa, kwa sababu anayelipa ni sisi.

Na hili litatufikia hapa Arusha mapema kuliko watu wanavyodhani. AFCON ya 2027 ni mechi za wiki chache, baada ya hapo ule uwanja wa Olmoti utabaki na viti 30,000, nyasi za kumwagiliwa, taa, walinzi na bili ya umeme ya kila mwezi. Kuujenga ni kwa hela ya serikali, ila kuuendesha ni kazi nyingine, na siku wakitangaza wanatafuta mbia wa kuuendesha, kwa tamasha, maduka ya chini, hosteli na nini, huo ndo utakuwa ubia. Diwani wako akija kwenye mkutano wa mtaa kulisema hilo, muulize msimu ambao hakuna timu wala tamasha nani anamwagilia nyasi.